Namba Saba Haikufungwa

Ng'o.

Mlio mmoja tu, wa kengele ya ng'ombe, kisha kimya. Silvester alifumbua macho juu ya mkeka, katikati ya sebule isiyo na kiti hata kimoja, akasubiri mlio wa pili. Kengele ya ng'ombe hailii mara moja. Ng'ombe akitikisa shingo kufukuza nzi, kengele hulia tatu, nne, saba, kwa fujo, kama mlevi anayetafuta funguo mfukoni. Hii ililia mara moja, kwa makusudi, ikanyamaza kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza.

Usiku wa Ilembo hauishi kengele, hilo Silvester alilijua. Lakini ng'ombe wa Maduhu, mwenye nyumba, walikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mlio ule haukutoka nje. Ulitoka nyuma ya nyumba, kwa ndani. Ulitoka chini.

Kando yake yalipangwa maboksi aliyolala pale kuyalinda: roli mbili za waya wa mtandao, ruta, simu sita za mezani ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni. Alijifunika shuka mpaka kichwani. "Panya," alijiambia. Lakini panya havai kengele, na Silvester hakuwa mjinga.

Asubuhi Esteria, mke wa mwenye nyumba, alikuja na chupa ya chai na sahani ya mihogo ya kukaanga. Nyuma yake alikuja binti yake Agape, wa miaka saba, akiruka juu ya nyaya kama anaruka kamba. Familia ilikuwa ihamie mwisho wa wiki.

"Fundi, hizi nyaya zote za nini?" Esteria aliuliza. "Unafunga intaneti au unafunga ng'ombe?"

"Nafunga vyote, mama Agape. Mzee akianza kutorokea kichuguuni kutafuta mtandao, tutamvuta kwa waya."

Esteria alicheka mpaka chai ikamwagika. Eneo lile lilijulikana kwa ubovu wa mtandao. Aliyetaka kupiga simu alipanda kichuguu kilichokuwa karibu na barabara, akanyoosha mkono juu kama anaomba mvua. Silvester alilitamka neno kichuguu kwa wepesi, kisha ulimi ukamwia mchungu.

Akakunjua daftari la hesabu alilochorea ramani ya nyumba, kila chumba na miraba yake.

"Ruta nataka ikae sebuleni, pembeni ya tivii," Esteria alisema. "Wageni waione."

"Wageni wataiona, ila wewe chumbani kwako hutaiona intaneti. Ruta ni kama koroboi, mama. Ukiiweka kwenye kona, nusu ya mwanga unamulikia majirani. Tuiweke koridoni, katikati ya nyumba, juu karibu na dari. Halafu hizi tofali za kuchoma ni nene, zinakula mawimbi. Kwa hiyo kwa mtoto na ofisini kwa mzee napitisha waya ndani ya ukuta, kwenye paipu, naweka kifaa kingine cha kusukuma."

"Na simu?"

"Simu za ndani sita. Sebule namba moja, jikoni mbili, chumbani kwenu tatu, ofisini nne, kwa Agape tano, getini sita. Unanyanyua, unabonyeza namba, chumba cha pili kinaita."

"Afadhali. Nimechoka kumwita baba Agape kama nafukuza ndege kwenye mpunga."

Agape alipewa kazi ya kubandika stika za namba. Aliziandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, moja mpaka sita. Alipomaliza akainua kichwa.

"Anko, na ile ya chini ni namba ngapi?"

"Ipi ya chini?"

Alinyoosha kidole mwisho wa korido, kwenye mlango wa stoo. "Ile inayopumua."

Silvester alimwangalia mama yake, lakini Esteria alikuwa anahesabu soketi ukutani. "Hakuna simu huko," akasema taratibu. "Kula muhogo."

Wakati huohuo Maduhu aliingia, mtu mrefu mwenye fimbo ya mchungaji hata anapoingia benki. Alitoka kwao usukumani na ng'ombe kumi na wawili. Sasa hakuna mfanyabiashara wa mpunga Mpanda asiyemjua. Aliinamia ramani, akaweka ncha ya fimbo juu ya mraba wa nyuma.

"Stoo iache," alisema. "Magunia ya mpunga hayapigi simu."

Akacheka peke yake. Kati ya watu wote waliokanyaga nyumba ile, ni wawili tu waliojua kwa nini stoo haikuwa na dirisha, na kwa nini sakafu yake ilimwagwa zege mara mbili. Hao wawili hawakuangaliana.

*

Kazi ilichukua siku tatu. Silvester alisukuma nyaya ndani ya paipu za ukutani, akazikusanya kwenye kisanduku cha koridoni, sita, zimenyooka kama nyuzi za zeze. Alikuwa fundi mzuri. Chuoni walimwita Msafi, kwa sababu hakuacha waya ukining'inia.

Lakini harufu ilimsumbua. Kila alipotoboa ukuta, vumbi jekundu lilitoka kavu, na nyuma ya vumbi ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini sana, ule usiojua jua. Ilikuwa kiangazi. Hapakuwa na tone la maji mahali popote.

Siku ya tatu aliwasha ruta, akaanza kuzunguka na simu yake mkononi kupima. Koridoni mtandao ulijaa. Jikoni ulijaa. Alipokaribia stoo ukapungua, ukapungua, na mlangoni ukafa kabisa, kama alivyotarajia. Akasukuma mlango, hatua moja ndani, ili tu aandike kwenye daftari kwamba hapa hapafiki.

Mtandao ulijaa mpaka juu.

Alisimama gizani kati ya magunia, kioo cha simu kikimwangaza kidevu. Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Simu yake ilikuwepo. Simu ya Esteria, tivii na kompyuta ya ofisini zilizotangulia kuletwa. Na chini ya vyote kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Kifaa kisicho na jina. Alikizuia. Kikaondoka, kikarudi. Alikizuia tena, akabadilisha nywila, akazima ruta na kuiwasha upya. Na kila mara kilipanda kwenye orodha polepole, kitupu, kama mstari ulioachwa wazi kwenye fomu ukisubiri mtu ajaze.

Familia ilihamia Jumamosi. Jumatatu, saa sita mchana, jua likiwa juu ya bati na Esteria akipepeta mchele, simu ya jikoni ililia. Haikulia kama simu.

Ng'o.

Silvester, aliyekuwa juu ya ngazi koridoni akimalizia kufunika kisanduku, aliganda. Esteria akanyanyua. "Hallo? Baba Agape, acha utani." Akasikiliza, akakunja uso, akanusa mkono wa simu. "Fundi, njoo. Hii simu inanuka tope. Halafu hapa pameandikwa saba. Ulisema ziko sita."

"Ni sita, mama."

"Sasa saba ni nani?"

Silvester aligeukia ukuta. Alifungua kisanduku. Ndani, pembeni ya nyaya zake sita za bluu, ilikuwepo ya saba, na haikuwa waya. Ilikuwa kamba ya katani, nene kama kidole, imelowa, inadondosha matone mekundu juu ya plasta mpya. Aliifuata kwa macho pale ilipoingia kwenye paipu yake mwenyewe, ile aliyoipitisha nyuma ya ukuta wa stoo ili kukata njia. Na akakumbuka kwamba alipokuwa anatoboa pale chini, keekee ilikuwa imegusa paipu nyingine ya zamani iliyosimama wima kutoka ardhini. Aliijua. Ilikuwa ya kupeleka hewa. Alikuwa ameona uvivu kutoboa mahali pengine.

*

Miaka mitatu nyuma, kabla nyumba haijawa nyumba, pale palikuwa na shimo. Maduhu alitaka kisima kwanza. Alileta mchimbaji kutoka Kakese, kijana mfupi wa mabega mapana aliyeimba akiwa chini, na wimbo wake ulipanda juu pamoja na ndoo. Mvuta kamba alikuwa Ngusa. Silvester, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana mbele wala nyuma, alikuwa mwitaji.

Wachimbaji wa aina yake hawashuki bila mwitaji. Kila ndoo inapofika juu, mwitaji huinama mdomoni mwa shimo na kumwita mchimbaji kwa jina lake, naye huitika, "Nipo!" Asipoitika, ujue hewa imekuwa nzito huko chini; anavutwa haraka. Kuna na kamba ya pili, nyembamba, yenye kengele ya ng'ombe juu, ili mchimbaji naye akisikia kizunguzungu aivute. Mlio mmoja una maana moja: niite. Niite nijue mpo, niite nijue nipo. Mwingine haruhusiwi kuita, maana sauti mbili humpoteza mtu aliye gizani. Na mwitaji akinyamaza, husema wakongwe wa kazi hiyo, zamu ya kushuka ni yake.

Siku hiyo Silvester alikuwa anasubiri ujumbe wa chuo cha ufundi. Pale shimoni hapakuwa na mtandao. Aliacha ndoo ikipanda, akakimbilia kichuguuni, akanyoosha mkono. Kengele ikalia nyuma yake. Ng'o. Aliinua kidole bila kugeuka: subiri. Ngusa akapiga kelele, "Oya! Mwite mtu wako!" Lakini ujumbe ulikuwa unaingia. Umechaguliwa kujiunga. Alikuwa anausoma mara ya pili ardhi ilipomeza. Mlio mzito, wa tonge kubwa likishuka kooni.

Maduhu alifika kwa pikipiki. Alitazama shimo lililokuwa sasa sahani ya vumbi. "Ameshakufa," alisema. "Tukimfukua, udongo utameza wengine. Na polisi wakija watauliza mwitaji alikuwa nani." Silvester akaanza kulitaja jina, kwa kilio, na Maduhu akamziba mdomo kwa kiganja. "Usiniambie! Sikumuuliza alipokuja, sitaki kulijua leo. Nisichokijua hakitanitoka. Na nyie wawili, jina hilo lifukieni humo humo."

Wakalifukia. Maduhu akamlipia Silvester ada ya chuo mpaka mwisho.

Kulibaki shati na simu juu ya kisiki. Simu ile haikuwa na majina; kila namba ilikuwa na kipicha chake, samaki, baiskeli, jembe. "Hii ya jembe ni mama," mchimbaji aliwahi kumwonyesha, akicheka. Basi Silvester aliandikia jembe ujumbe mzuri, wenye nukta na herufi kubwa: Mama, nimeenda machimboni kutafuta dhahabu. Usinitafute. Nitarudi. Kisha akaitupa simu shimoni, wakarudishia udongo.

Mwaka jana, katikati ya kiangazi, Ngusa alikutwa amekufa kitandani kwake kule Inyonga. Waliomwosha walisema kinywa chake kilikuwa kimejaa tope bichi.

*

Simu ya saba iliita kila siku saa sita, mara moja, kisha ikaanza kuita na saa tisa, kisha jioni, ikihama chumba hadi chumba kupitia kila paipu ambayo Silvester alikuwa ameipanga kwa rula. Alizing'oa nyaya zote sita. Simu zikaendelea kulia zikiwa zimelala sakafuni na mikia yao imekatwa.

Watu wazima waliacha kunyanyua. Agape hakuacha.

Walimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani, simu namba tano sikioni, daftari la darasani limefunguliwa mapajani. Alikuwa anataja majina kwa sauti ndogo, ya upole, kama mtoto anayemlisha kifaranga.

"Method?" Akasubiri. "Malale? ... Siyo Malale? Basi Edgar? Maiko?"

"Agape, unaongea na nani?" Esteria aliuliza kutoka mlangoni.

"Na mtu wa chini. Anasema nimwite." Alivuta pumzi, na pumzi ilikuwa fupi, imekatika katikati. "Mimi simjui jina, mama. Nikikosea ananichukulia hewa."

Siku ya kwanza alipumua kama aliyekimbia. Siku ya pili kama aliyebeba gunia. Siku ya tatu alilala kimya na midomo imeiva rangi ya zambarau, na bado kidole chake kilifuata orodha ya wanafunzi wenzake, jina baada ya jina, na kila jina lilipokosewa kifua kilishuka kidogo na hakikupanda chote. Hospitali walimpima, wakapiga picha, mapafu safi. Katekista alikuja na maji ya baraka. Mtoto akapumua vizuri robo saa, mpaka kengele ilipolia tena.

Silvester alimwona kwa dirisha. Jina lilikuwa kooni mwake, limesimama wima kama mwiba wa samaki. Maduhu akamshika kiwiko, akamvuta nyuma ya tangi la maji.

"Ukifungua mdomo," alinong'ona, "unaozea gerezani. Mimi nitasema sikuwepo. Mwitaji ulikuwa wewe."

"Ni mwanao, mzee."

"Nitamleta mganga. Jini hufukuzwa. Nina ng'ombe, kijana, achague hata dume kubwa."

Esteria hakusubiri ng'ombe. Alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda Kakese, kwa mama mmoja aliyesifiwa kwa majini magumu.

*

Aliitwa Mama Emerensiana, mjane wa Kipimbwe, mwembamba, rozari shingoni na kibuyu kwapani. Alifika saa kumi jua likiwa bado linachoma. Hakuuliza mgonjwa yuko wapi. Aliingia moja kwa moja mpaka koridoni, akasimama chini ya kisanduku, akaigusa kamba ya katani iliyoning'inia, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Shikamoo, mama," Silvester alisema.

Hakuitikia. Hapo ndipo woga ulipomshika kweli, kwa sababu hakuna mama wa Kakese anayeachia shikamoo ianguke chini.

"Mtoto yuko stoo," Mama Emerensiana alisema.

"Yuko kitandani," Esteria alijibu. "Nimemlaza mwenyewe sasa hivi."

Lakini kitanda kilikuwa kitupu. Walimkuta stoo, amelala kifudifudi juu ya zege kati ya magunia, sikio sakafuni, mkono wa simu umebanwa kwenye shavu la pili. Na waya wa simu ile haukwenda ukutani, ulikwenda chini, umepenya zege kama mzizi. Esteria alimvuta, mtoto hakuinuka. Alikuwa mzito kama ndoo iliyojaa udongo.

"Mama yangu, litoe!" Esteria alilia. "Lifukize, lichinjie, fanya unavyojua, lakini litoe kwa mwanangu!"

Mwanamke yule alikaa juu ya gunia, kibuyu mapajani, hakukifungua.

"Siwezi kulitoa," alisema. "Mimi ndiye niliyelileta."

Nje kuku alikwaruza bati.

"Nina mwana mmoja," aliendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mavuno. "Miaka mitatu iliyopita jirani alinisomea ujumbe kutoka kwenye simu ya mwanangu. Nimeenda machimboni. Usinitafute. Jirani akanipongeza, akasema kijana wako anaandika vizuri kama karani. Nikakaa chini. Mwanangu hakujua kusoma wala kuandika, hata a. Hakuwahi kukaa darasani siku moja, alichunga, akachimba. Kila alichotaka kuniambia alikisema kwa mdomo. Nikajua aliyeandika ndiye aliyemuua."

Silvester akakumbuka vipicha vile. Samaki, baiskeli, jembe. Alikuwa ameviona, akacheka navyo, na hakuelewa.

"Nikaenda mtoni usiku wa tatu, nikaliita jini la mashimo, lile wachimbaji wanaloliogopa. Nikaliambia: mtafute mwanangu, vaa sauti yake, na pale jina lake lilipofukiwa, kaa. Bana pumzi za hapo mpaka litajwe. Lilimpata wa Inyonga kwanza, kabla zege halijamwagwa hapa, likambana, akafa bila kulitaja. Hapa lilikuwa chini, limezibwa na zege, halina njia." Akainua macho, akayatua kwa Silvester. "Mpaka mtu akalitobolea. Akalipangia njia ya kila chumba."

"Mama," Maduhu alisema, na kwa mara ya kwanza fimbo ilimtoka mkononi. "Nina ng'ombe mia mbili na zaidi. Chukua nusu. Chukua wote."

"Una majina yao?"

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Maduhu aliitikia kwa kichwa. Kila mtu Ilembo alijua kwamba anawaita mmoja mmoja, jioni zizini, na kila mmoja huja.

"Unayajua yote," Mama Emerensiana alisema. "Sasa niambie jina la mwanangu."

Tajiri yule alitafuta, na aliyemtazama aliona kwamba anatafuta kweli, kwa machozi, kama mtu anayepapasa sakafu ya chumba ambacho hakuwahi kuingia. "Sikumuuliza," alisema. "Ng'wana wane, Agape, mwanangu, sikumuuliza!"

Ng'o, ikalia sakafu. Agape akafumbua macho. "Manyanda?" aliliuliza zege, kwa sauti isiyo na hewa. Kifua chake kikashuka.

"Litaje wewe basi!" Esteria alimrukia mwanamke yule, akamshika kanga. "Wewe umemzaa! Mwite wewe!"

"Nimemwita kila alfajiri miaka mitatu. Nikiita mimi ni kilio tu." Hakumsukuma, alimshika mikono, karibu kwa huruma. "Sikulituma kwa mtoto, mwanangu. Lakini jini halijui mkubwa na mdogo, linajua nyumba. Lazima aite yule aliyelificha. Aite mbele yangu, nami nisikie, nawe na mumeo msikie, na majirani hao waliokusanyika koridoni wasikie." Kisha akamgeukia Silvester, na huruma ikaisha. "Unajua sheria ya shimo, kijana. Ukimwita ataitika. Akiitika, kamba iko mkononi mwako, na zamu uliyoiruka bado ni yako."

Silvester alitazama mlango. Ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua, na barabara, na treni ya kwenda Kaliua, na mkoba wake wa vifaa, na maisha yote mazuri aliyokuwa amejengewa juu ya kimya kimoja. Angeweza kuondoka, hakuna aliyemshika, hata Maduhu alikuwa amepiga magoti na uso umegusa zege, akibembeleza kwa Kisukuma. Lakini sakafuni mkono mdogo wenye wino mwekundu vidoleni ulifunguka, ukaachia simu, na mkono wa simu ukabingirika ukasimama mbele ya kiatu chake, na ndani yake akasikia maji yakidondoka mbali sana, na pumzi ya mtu anayengoja bila hasira, bila haraka, kama alivyongoja siku ile kidole kilipoinuliwa kumwambia subiri, na kando ya ile pumzi akasikia ya pili, ndogo, ya mtoto, ikikatika. Na mfukoni simu yake ilitetemeka, na alipoitazama aliona orodha ya vifaa imejifungua yenyewe, na mstari wa chini mtupu unapepesa, unapepesa, kama kope.

Alipiga magoti. Kamba ya katani ilikuwa imeshuka kutoka ukutani, imejizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, baridi, na kwa taratibu ilianza kukaza. Hakuitoa. Aliiviringisha mara ya pili, kama mvuta kamba anavyofanya ili asije akaachia.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Ita," alisema Mama Emerensiana.

Silvester aliinama mpaka midomo yake ikagusa zege, mikono miwili pembeni ya mdomo kama zamani, kama inavyopasa kuinama juu ya shimo la mtu aliye hai; akavuta hewa yote iliyobaki chumbani, nayo ilinuka tope; na kwa sauti kubwa, ya kazi, ile inayoanguka wima mpaka chini, akaita:

"Makarius!"